Kompyuta Iliyopashwa Moto

Kusubiri sikujaliwa. Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba hata kuzaliwa sikungoja tufike hospitali. Nilitokea njiani, asubuhi ya baridi kali nje kidogo ya mji wa Njombe, nikafungwa kwenye kitenge cha mwanamke aliyekuwa akipeleka viazi sokoni. Kwa hiyo huwa nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kukaa mbele ya mashine, mikono mapajani, nikingoja iamke.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa akifungua kitu. Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, palijaa vipuri, mitumba, magodoro, redio na vibanda vya simu. Mzee aliyeniajiri alikuwa Mwislamu wa Tanga aliyekwisha kuishi pale miaka thelathini. Aliendesha malori mpaka macho yalipomkatalia, na sasa malori yake mawili yaliendeshwa na wengine. Mbele ya yadi yake kulikuwa na chumba kitupu. Akasikia kwamba huko Dar es Salaam watu wanapiga chapa kwa kompyuta, akaenda, akarudi na moja ya mtumba iliyotumika katika ofisi fulani ya Ulaya, pamoja na printa, akaniuliza kama naijua. Nikasema naijua. Nilikuwa na cheti cha miezi mitatu, ila darasani tulikuwa wanafunzi ishirini na sita kwa mashine mbili, na sehemu kubwa ya kompyuta nilikuwa nimeichora tu daftarini.

Kasoro ya mashine yetu ilikuwa moja: haikuamka upesi. Ukibonyeza kitufe, boksi lilianza kuvuma, picha ya mawingu ikaja kwenye monita, halafu kidirisha kikafunguka, kingine kikaja juu yake, cha tatu kikauliza swali kwa lugha nisiyoijua. Muda wote huo diski ilikuwa inasaga humo ndani kama mtu anayetafuna bisi. Ukigusa mausi kabla haijanyamaza, kila kitu kiliganda. Nilipima kwa saa ya mkononi. Dakika kumi na saba.

Dakika kumi na saba mara moja kwa siku mtu angevumilia. Lakini umeme wetu siku hizo ulikuwa wa kuja na kuondoka, pengine mara nne kati ya asubuhi na jioni, na kila ulipokatika ilitubidi tuanze upya. Ng'ambo ya barabara alikuwepo kaka mmoja mpiga chapa, aliyekaa barazani na koti lake zito na taipureta ya chuma. Yeye umeme hakuuhitaji. Mteja wangu akiingia na barua yake ya mkono, akikuta mawingu, alisema, "Dada, ngoja nikanunue sabuni mara moja." Kidogo namwona ng'ambo, ameketi kwenye kigoda cha yule kaka. Naye kaka alikuwa mchokozi. Akimaliza ukurasa aliuchomoa kwa mbwembwe, akanipungia nao. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, ingawa saa za chakula tulikuwa tukigawana mahindi ya kuchoma.

Mzee hakuona kasoro yoyote. Dereva yeyote wa Makambako huwasha lori lake alfajiri akaliacha liungurume, wakati yeye ananawa uso, anakunywa chai na kukagua kamba za turubai. Anayekanyaga mafuta injini ikiwa baridi anaiua kabla ya siku zake. Mzee aliliishi hilo tangu ujana, na alipoiona kompyuta ikivuma na kusaga asubuhi ya baridi, alielewa mara moja.

"Injini ni injini," aliniambia siku ya kwanza. "Usiiguse mpaka ipate moto. Baridi ya huku kwenu, hata mimi siwaki mapema."

Nami, nisikufiche, niliamini. Mkufunzi wetu hakuwahi kusema habari za baridi, lakini mkufunzi wetu alikuwa mtu wa Morogoro. Jioni nikifunga chumba niliifunika mashine kwa blanketi zito, na asubuhi nikiliondoa nilikuwa naligusa boksi kwa kiganja kama unavyomgusa mtoto mwenye homa.

Wakati mashine inapata moto, mzee alikuwa akija na chupa ya kahawa ya tangawizi na vikombe viwili vidogo visivyo na mkono. "Kamwene," alianza, kwa salamu yetu ya Kibena, na nikiitikia alifurahi kana kwamba amefaulu mtihani. Zaidi ya hapo Kibena chake kiliishia kwenye bei za vitunguu. Kisha alikaa kwenye kiti cha wateja, akamimina, akaanza hadithi za barabara. Alinisimulia jinsi alivyokwama siku nne kwenye matope ya njia ya Songea, zamani kabla ya lami, mpaka vitunguu vikaanza kuota majani juu ya lori. Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi na kila mara majani yalikuwa yamerefuka. Kikombe cha tatu kikiisha, mashine inanyamaza, naye anainuka. "Haya, imepata moto. Piga kazi." Anatoka kwenda kuzunguka yadini, mahali ambapo madereva wake walikwisha kumzoea na hawakumhitaji sana.

Mwezi wa nane ulipoanza, alikunywa kikombe cha kwanza. Kisha akasema, "Matairi yangu yanakuja mwisho wa mwezi. Mengi. Sina pa kuyaweka ila humu."

Nikamwuliza, "Na mimi, mzee?"

"Chumba hiki hakijilishi, mwanangu. Nisipoona watu humu mpaka matairi yafike, tutaifunika mashine, tuiuze."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi niliona jembe. Niliona shamba la viazi la baba, na wanakwaya wenzangu kanisani wakiniuliza kile cheti kimefika wapi. Na zaidi ya hayo nilikuwa naipenda kazi ile. Mtu alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nane, mwandiko umelala huku na huku, akaondoka na ukurasa ulionyooka na jina lake juu, akiushika kwa ncha za vidole. Sikutaka kuyaacha hayo kwa ajili ya matairi.

Jumamosi nikapanda kwenda Njombe, na kutoka Njombe nikaenda Uwemba, misheni. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna bruda pale anayetengeneza mashine za maji, redio na sasa kompyuta. Mimi Mlutheri wa kuzaliwa, nikaenda kuwapigia Wakatoliki hodi. Bruda alikuwa Mkinga wa upande wa Iwawa, na kwa jinsi Wakinga wanavyopenda biashara, nadhani ndiye Mkinga pekee niliyepata kumwona asiye na duka. Nikamfungulia daftari, kwa kuwa nilikuwa nimeuchora uso wote wa mashine yetu, kama nilivyofundishwa.

Akaweka kidole pembeni, chini kulia. "Hivi vipicha karibu na saa, umevichora vyote?"

"Vyote. Kumi na tisa."

Akacheka. "Hiyo ni mashine au ni stendi ya basi? Kila kipicha hapo ni programu inayojiwasha yenyewe mara tu unapobonyeza kitufe. Hukuiita, na pengine huitumii kabisa. Zote zinakimbilia mlangoni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana inasaga."

Akaniandikia kwa kalamu: Start, kisha Run, kisha neno moja la ajabu, msconfig, niliandike bila kuacha nafasi. Ningeona orodha ya programu, kila moja na kisanduku chenye tiki. Nikiondoa tiki, programu haifutwi, inalala tu mpaka nitakapoiita mwenyewe. "Ile ya kuzuia virusi ndiye mlinzi, mwache. Na uondoe moja moja. Ondoa, washa upya, tazama. Usiwe na haraka."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye subira. Kisha nikauliza, "Na ile ya kuipasha moto, tuendelee?"

"Kupasha nini?"

Nikamweleza habari za baridi, lori, na blanketi. Bruda alivua miwani, akafuta macho kwa mkono wa joho. "Dada, ule mvumo unaousikia ni feni. Imewekwa humo ndani ili kuipooza. Mashine hii inapenda baridi kuliko wewe." Nilirudi Njombe nikiwa na hasira ya kuchekwa na furaha ya kujua, na sikuweza kuamua nianze na ipi.

Jumatatu niliwahi kufika kabla ya mzee. Nilifungua orodha, na ile haraka yangu ya kuzaliwa nayo ikanishika. Nikaondoa tiki zote isipokuwa ya mlinzi. Nikawasha upya. Mawingu yalikuja yakaenda, diski ikasaga kidogo ikanyamaza. Dakika mbili na nusu! Nilipiga kelele mpaka yule kaka ng'ambo akasimamisha vidole.

Mzee akaingia na chupa yake. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Aliweka kiganja juu ya boksi, akakiacha pale.

"Baridi," alisema. "Umeiondoa ikiwa baridi."

"Mzee, haina haja ya moto. Ngoja nikuonyeshe." Nikafungua barua, nikaiamuru printa ichape. Printa ikakaa kimya. Nikaamuru tena. Taa yake ikapepesa, basi.

"Unaona?" alisema mzee kwa huzuni ya kweli, kama aliyeletewa lori lake likiwa limeungua. "Imekakamaa. Irudishe ilivyokuwa, binti. Na usifanye tena mchezo huo na mali yangu."

Nikazirudisha tiki zote, moja baada ya nyingine, yeye akiwa amesimama mgongoni kwangu. Mashine ilipowaka, dakika kumi na saba kamili, printa ikachapa vizuri. Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake. Siku hiyo kahawa ilibaki kwenye chupa.

Nilijua kilichotokea, nami nilijilaumu. Miongoni mwa zile programu ilikuwepo ya printa yenyewe, na mimi nilikuwa nimeilaza pamoja na wavivu wengine. Bruda alisema moja moja. Basi, nikajiapiza, kwa mara ya kwanza maishani nitafanya kitu polepole.

Kila jioni, mzee akiwa ameenda kuswali magharibi, nilifungua orodha, nikaondoa tiki moja tu, na kuifuta katika mchoro wangu daftarini. Niliilaza programu ya faksi, wakati faksi hatuna. Nikailaza ya kamera ambayo hatujawahi kuiona. Nikailaza nyingine iliyokuwa ikinikumbusha kila Jumanne saa nne kikao cha watu wa Ulaya wasiojua kama nipo duniani. Hiyo niliionea huruma kidogo, kwa sababu ilikuwa haijakosa kazi hata wiki moja. Ya printa niliitambua kwa jina, nikaiacha, na mlinzi nikamwacha. Dakika kumi na saba zikawa kumi na mbili, zikawa nane, zikawa tano, mwishowe chini ya tatu.

Ila mzee alikuwa anakuja kila asubuhi kama kawaida, na kama angeikuta mashine iko tayari angejua. Nikapata ujanja. Nikiwasha boksi, monita niliiacha imezimwa. Mashine iliamka gizani, ikajipanga, ikanyamaza, sisi tunakunywa kahawa mbele ya kioo cheusi. Kikombe cha tatu kikiisha nabonyeza kitufe cha monita. "Haya, mzee, imepata moto." Naye anainuka.

Kitu kimoja sikukitegemea. Kabla ya hapo, nilikuwa nazisikiliza hadithi zake kwa sikio moja, la pili liko kwenye diski. Sasa nilijua mashine iko tayari, sikuwa na cha kusikilizia. Nikaanza kumwuliza maswali. Akaniambia jinsi mke wake marehemu alivyokuwa akiyatambua malori kwa mlio, tangu kona ya relini, na kuweka maji ya kuoga motoni kabla yeye hajafika. Nami nikamfundisha Kibena cha kumpokea mgeni, cha kuagana, na neno moja la matusi ambalo aliliomba mwenyewe. Nilianza kuzipenda dakika zile, na kumdanganya kukawa kunanichoma.

Wateja, lakini, walikuwa wamekwisha kuzoea kigoda cha ng'ambo. Mwezi ulikuwa unakwisha na chumba bado kitupu.

Ndipo likaja tangazo la kazi za muda Njombe. Barua ziwe zimepigwa chapa, zifike ofisini siku hiyo hiyo kabla ya kufungwa. Asubuhi barazani kwa yule kaka palikuwa na watu zaidi ya ishirini, naye anapiga mpaka amevua koti. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Mzee alikuwa amekaa kwangu na chupa yake, anatazama ng'ambo.

Saa tatu taa ikawaka. Nikamtazama mzee. Nikasema moyoni, liwalo na liwe, nikabonyeza boksi na monita kwa pamoja.

Kabla ya dakika tatu nilikuwa nimeshika barua ya mtu wa kwanza. Nilikuwa nimemwita kutoka ng'ambo, akavuka barabara kwa shaka. Barua ikaandikwa, ikahifadhiwa, ikatoka. Wa pili nilibadilisha jina, shule na kijiji tu, nyingine inatoka. Wa tatu hakungoja kuitwa. Umeme ukakatika nikiwa na wa saba, watu wakaguna, wakaanza kugeuka. "Msiondoke," niliwaambia, "ukirudi tu, hamtamaliza hata kupiga miayo." Ukarudi baada ya nusu saa. Nikawasha, nikairuka hatua ya mashine kujikagua baada ya kuzimika ghafla, nikaendelea. Ukakatika tena, nikawasha tena. Mzee alikuwa amehamia kwenye printa bila kuombwa, anapokea karatasi, anazipuliza wino, anamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Bahasha printa yetu ilikuwa inazikunja, kwa hiyo nikawarudisha watu kwa kaka, awapigie anwani. Akanipungia bahasha ya kwanza, kwa mbwembwe zake zilezile, na safari hiyo nikampungia.

Basi la Njombe lilipoondoka na barua zote, chumba kikawa kimya. Mzee akarudi kwenye kiti chake.

"Uliipa kazi ikiwa baridi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mara tatu."

"Mara tatu. Na nimekuwa nikikudanganya wiki tatu. Naomba unisamehe."

Akafungua chupa, akamimina kahawa iliyokwisha kupoa. "Mwanangu, macho yangu yameanza kunitoroka zamani, nikiwa bado barabarani. Injini nilikuwa naijua kwa masikio. Mashine yako ilikuwa ikisaga mpaka kikombe cha tatu. Baada ya ule ugomvi wetu ikawa inanyamaza kikombe cha pili, halafu cha kwanza. Siku hizi inanyamaza sijafungua chupa."

Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. "Mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Nakuta monita umeizima, umetulia, unaniuliza habari za Songea. Nikasema, kumbe na huyu anaipenda kahawa."

Nikauliza lile lililokuwa limenikaba mwezi mzima. "Na matairi?"

"Matairi nimeyapatia chumba nyuma ya msikiti, tangu Ijumaa ya wiki iliyopita."

"Kabla ya barua hizi? Na chumba kilikuwa hakijilishi?"

"Hakijilishi," alikubali. "Lakini asubuhi ningekwenda wapi?"

Nililia, sijui kama kwa haya au kwa furaha, ila furaha ilikuwa nyingi zaidi. Mzee alijifanya anatafuta kifuniko cha chupa.

Kesho yake niliwasha boksi na monita kwa pamoja mbele yake. Vipicha viwili vikakaa karibu na saa, mlinzi na printa, na mashine ikatulia, iko tayari kwa lolote. Mzee akasema "Kamwene," akamimina vikombe viwili. Mteja akachungulia mlangoni na karatasi yake mkononi, akauliza kama anaweza kuhudumiwa. Mimi, nisiyejua kusubiri, nikamsogezea kigoda na kumwambia akae kidogo, bado inapata moto. Mzee akaenda kutafuta kikombe cha tatu.